Kwangu Inakwenda!

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi waandishi wenzangu mnaokaa mjini mkajiona mmeshafika, leo sikuleteeni hadithi. Leo nna ugomvi. Nagombana na maneno mawili ambayo kila kijana mwenye kompyuta kayafanya kinga na ngao: "Kwangu inakwenda!" Ukimwambia kitu alichokupa kimevunjika, atakujibu hivyo, atakunja mikono, na mazungumzo yamekwisha. Maneno mawili hayo yametugharimu kitabu kizima, na zaidi ya kitabu, kama mtakavyoona mbele.

Kisa chenyewe ni hichi. Sisi ni vijana watano. Wawili tuko huku Kiwengwa, watatu wako Mji Mkongwe na Ng'ambo. Tulikubaliana kutoa kijitabu cha hadithi za wazee wa pwani hii ya mashariki, hadithi ambazo wenyewe wanazikwa nazo mmoja baada ya mmoja. Pesa za kumlipa mpangaji wa kurasa hatuna. Mie nalinda usiku katika hoteli moja, na ikifika saa nane za usiku, wageni wamelala na maji yamekupwa, hakuna aliye macho ila mimi, mbu, na laptop kuukuu niliyoinunua mtumba. Nikawaambia wenzangu: kurasa ntazipanga mwenyewe, kwa programu nitakayoiandika mwenyewe.

"Weye? Fomu foo?" Ndivyo walivyonicheka. Nikawajibu kuwa Pandoc, ile programu inayogeuza maandishi ya kawaida yakawa kitabu, ilianzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, na bwana huyo si fundi wa kompyuta, ni profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kama mwanafalsafa kaweza, mtunzi wa riwaya ana kizuizi gani? Pandoc imeandikwa kwa lugha ya Haskell. Basi na mimi nikajifunza Haskell.

Haskell ni katika zile lugha za fanksheni. Fanksheni ni kama mashine ya kusaga. Ukitia mtama unatoka unga wa mtama, ukitia mahindi unatoka unga wa mahindi. Haiulizi leo Ijumaa au Jumatatu, haiulizi nani kaleta, haikumbuki ya jana. Kikiingia kitu kile kile, kinatoka kitu kile kile. Hiyo ndiyo ahadi yake, na wallahi ndiyo iliyonivuta, maana nimekulia mahali ambapo ahadi hubadilika kila msimu wa wageni ukimalizika.

Kabla hujaniambia haya ni mambo ya Wazungu hayatuhusu, ngoja. Hiyo WhatsApp unayoshinda nayo, seva zake zilijengwa kwa Erlang, lugha ya fanksheni iliyozaliwa kwenye kampuni ya Ericsson, Sweden, katika miaka ya 1980. Kampuni ya Ona, yenye ofisi Nairobi na inayoshughulika na ukusanyaji wa takwimu, imejenga baadhi ya kazi zake kwa Clojure, nayo ni lugha ya ukoo huo huo. Kwa hivyo usijitie ugeni. Unazitumia kila siku, ila hujui jina lake.

Sasa sikilizeni ulipo mgongano. Hakuna anayeandika programu peke yake. Unaazima kazi za wenzio, zinaitwa maktaba, na za Haskell zimekusanywa mahali pamoja panapoitwa Hackage, bure kabisa. Kila maktaba ina namba ya toleo, na kila maktaba nayo inategemea maktaba nyengine. Iko moja maarufu, jina lake aeson, kazi yake kusoma na kuandika data za mtindo wa JSON. Oktoba 2021 likatoka toleo lake la 2.0. Ndani yake namna ya kuhifadhi vitu ilibadilishwa, na sababu ilikuwa ya haki: katika namna ya zamani, mtu mwenye nia mbaya aliweza kuipelekea programu data zilizotungwa makusudi zikaielemea mpaka ikakwama. Mabadiliko mazuri, lakini aliyezoea mlango wa zamani akiugusa anakuta ukuta.

Programu yangu ilitegemea maktaba moja kongwe, mwenyewe keshaiacha miaka, iliyoandikwa wazi kuwa inataka aeson ya chini ya 2.0. Mwenzangu wa Mji Mkongwe, mwenye laptop mpya, akaongeza maktaba nyengine ili hadithi zisomeke na kwenye simu, na hiyo inataka aeson ya 2.0 kwenda juu. Na Cabal, msimamizi wa ujenzi wa Haskell, hakubali matoleo mawili ya maktaba moja ndani ya mpango mmoja. Ana sababu: kitu kilichotengenezwa na toleo la kwanza si kitu kile kile machoni pa toleo la pili, hata kama majina yao yanafanana. Basi akakataa kujenga. Kwangu haiendi. Nikampigia simu mwenzangu. Akasema nini? Mnajua alichosema.

Tukagombana wiki tatu. Yeye: "Sasisha vitu vyako, yakhe, umebaki nyuma." Mimi: "Rudisha ulivyovikuta." Ujumbe wa Cabal ulikuwa na mistari chungu nzima, ukieleza kila kitu: nani anamtaka nani, kwa toleo gani, na nani kakataliwa kwa ajili ya nani. Sote wawili tuliusoma kama tunavyosoma masharti ya bando, yaani tuliteremka hadi chini tukabonyeza. Kisha fundi mmoja mjini, nisiyemtaja, akanipa ile dawa ya kila maradhi: "Futa kila kitu, uanze upya." Nami nikafuta. Maktaba zote nilizozikusanya kwa bando za miezi, nikazifuta usiku mmoja.

Ilikuwa Mei 2024. Anayekumbuka mwezi ule keshajua kilichonipata. Kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Kompyuta yangu ikabaki tupu kama dau lililotobolewa. Programu haijengeki, maktaba hazishuki, na kijitabu kinangojewa.

Hapo ndipo nilipokaa nikajiuliza: hivi sisi watu wa Unguja, kwa somo hili, tunahitaji mwalimu gani tena? Disemba 2009 kebo ya umeme inayotoka Ras Kiromoni kuja Fumba iliharibika, na kisiwa kizima kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka jenereta zikilia mahotelini na kwetu kibatari. Mwaka 2008 ilikuwa vile vile, karibu mwezi mzima. Kila mtoto wa kisiwa hichi anajua maana ya kutegemea kitu kimoja kilicho mbali ambacho huna nakala yake. Tunajua kwa umeme. Kwa nini tunasahau kwa kazi zetu?

Sasa nataja ninaogombana nao, kundi kwa kundi.

La kwanza ni wapenda upya. Hawa kila jawabu lao ni "sasisha". Hawaulizi kilichobadilika, wanauliza kilichotoka lini. Nnawaambia: namba ya toleo si pambo, ni ahadi iliyoandikwa. Watu wa Haskell wana kanuni yao. Tarakimu mbili za mwanzo zikibadilika, jua kuna kitu kimeondolewa au kimegeuzwa na kazi yako huenda ikavunjika. Ikibadilika ya tatu, kimeongezwa kitu tu. Wenzao wa lugha ya Elm wamekwenda mbali zaidi: mashine yenyewe inalinganisha toleo jipya na la zamani, na mwandishi aliyevunja ahadi hawezi kujificha nyuma ya namba ndogo. Basi kusasisha bila kusoma namba ni sawa na kutia saini mkataba wa kiwanja bila kuusoma, na huku pwani tunawajua waliofanya hivyo na wanapoishi sasa.

La pili ni wapenda ukale, na humu nilikuwamo mimi mwenyewe. "Usiguse, inakwenda." Haya, inakwenda leo. Kesho laptop itakufa, utanunua nyengine, kompaila itakuwa mpya na itakuja na maktaba zake za msingi za toleo lake, na ile programu yako ya kale itakutazama kama mgeni. Anayekataa kubadilika anaahirisha mgongano tu, na siku utakapomfikia atakuwa keshasahau kazi yake ilivyojengwa.

La tatu ni wafutaji. Hawa ndio wabaya kuliko wote, maana wanajiita mafundi. Kufuta kunaondoa ushahidi. Mgongano ulikuwa na sababu, sababu ilikuwa imeandikwa, wewe umeichoma karatasi ukasema umeponya.

Na iko hoja ya upande wa pili, yenye nguvu, sitaikwepa. Wako wanaosema: tatizo hili si la kumwachia kila mtu atatue kwake. Imethibitishwa kihisabati kuwa kupanga matoleo yakubaliane ni katika yale matatizo ambayo mpaka leo hakuna ajuaye njia ya haraka ya kuyatatua katika kila hali. Basi wakae wachache, wachague toleo moja la kila maktaba, walijaribu lote kwa pamoja, wengine wafuate. Hilo ndilo Stackage, na mwaka 2015 ilipotoka Stack, chombo kinacholitumia, watu wengi walipumua. Kweli inafaa. Sibishi.

Lakini sisi Waswahili tunaijua dawa hiyo, na ladha yake ya mwisho tunaijua pia. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja, lahaja ya mjini kwetu hapa, kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mezani mwanzoni walikaa maofisa na wamisionari wa Kizungu. Faida ilipatikana: kitabu kimoja kikasomeka Lamu na Kigoma. Lakini Mmombasa aliyesema mato na ndia, badala ya macho na njia, aliambiwa anakosea, yeye mwenye washairi kabla ya kamati kuzaliwa. Na msidhani sisi tuliochaguliwa tulisalimika. Kilichochaguliwa ni cha mjini. Bibi yangu wa shamba, ambaye hajawahi kuvuka bahari, naye akawa mkosefu katika kisiwa kile kile kilichotoa lugha.

Ajabu ni kuwa Haskell yenyewe ilizaliwa hivyo hivyo. Mwaka 1987 zilikuwapo lugha za aina yake zaidi ya kumi na mbili, kila chuo na yake. Wataalamu wakakutana Portland, Marekani, wakaunda kamati itoe lugha moja ya pamoja, na ripoti ya kwanza ikatoka 1990. Kamati si dhambi. Dhambi ni kamati kudhani kuwa ambacho haikukichagua ni makosa.

Iko njia ya tatu, na nimeipata humo humo kwenye fanksheni. Eelco Dolstra, wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, alimaliza tasnifu yake mwaka 2006 juu ya chombo kinachoitwa Nix. Wazo lake ni jepesi mpaka linaudhi: chukulia kila maktaba iliyojengwa kuwa ni zao la fanksheni. Vilivyoingia ni msimbo wake, kompaila yake, na vyote inavyovitegemea, kwa matoleo yake. Vikiingia vile vile, litatoka lile lile. Kikibadilika kimoja, hilo ni zao jengine, lipe jina lake na chumba chake. Aeson ya zamani na mpya zinakaa nyumba moja, kila moja na mlango wake, na kila programu inajua mlango wa kugonga. Hakuna aliyeitwa mkosefu. Baadaye Cabal nao wakaiga wazo hilo katika namna ya kuhifadhi maktaba, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2019 ndiyo kawaida yao.

Sharti ni moja tu: kila mmoja aandike wazi anategemea nini. Si kwa kinywa, kwa maandishi.

Intaneti iliporudi, nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikausoma ujumbe wa Cabal mstari kwa mstari, kwa penseli na daftari. Nikamwona mkorofi: ile maktaba kongwe. Nikajiuliza, mpaka wake wa "chini ya 2.0" ni wa kweli au ni wa hofu? Maana wako waandishi wanaoweka mpaka kwa tahadhari tu, hawajajaribu. Nikamwamrisha Cabal aulegeze mpaka huo mmoja, mmoja tu na si yote, nikajenga. Ikavunjika. Basi ni wa kweli. Nikajiuliza tena: na mimi humu nimefuata nini? Nikatafuta. Nilikuwa natumia fanksheni moja, ya kuongeza nafasi ili maneno yakae sawa kwenye safu. Moja! Tumeoa ukoo mzima kwa ajili ya kuazima kifumbu. Nikakaa nikaiandika mwenyewe, mistari haikufika kumi, nikaiondoa maktaba ile, na mgongano ukafa.

Msinicheke peke yangu. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye hazina ya npm kijimaktaba kinachoitwa left-pad, mistari kumi na moja, kazi yake hiyo hiyo ya kuongeza nafasi, na miradi mingi mikubwa duniani ikashindwa kujengeka kwa saa kadhaa.

Kisha nikafunga. Amri ya cabal freeze inaandika faili lenye toleo kamili la kila maktaba iliyotumika. Nikaandika na tarehe ya orodha ya Hackage niliyoitumia, ili mwengine akijenga aone Hackage ile ile niliyoiona mimi. Nikachukua nakala za maktaba zote nikazitia kwenye flashi mbili, moja kwangu, moja mjini. Kebo na ikatike.

Sasa lile nililolibakisha. Nilipoifungua kazi ya mwenzangu nikajua kwa nini kwake ilikuwa inakwenda. Fanksheni ile ya safu nilikuwa naitumia mahali pamoja tu: kwenye faharasa ya mwisho wa kitabu, maneno ya wazee na maana zake. Yeye aliifuta faharasa nzima ili programu ijengeke, akasema atairudisha. Hakuirudisha, na hakutwambia. Kwake ilikuwa inakwenda kwa sababu wazee walikuwa hawamo.

Na katika wiki zile tulizogombana, mzee mmoja kati ya waliotusimulia alifariki. Kulikuwa na maneno manne katika hadithi yake ambayo nilimwahidi nitarudi kumuuliza maana yake. Sikurudi. Nilikuwa nashughulika kumjibu mwenzangu kwenye simu. Maneno yale manne yako kwenye kijitabu, na mbele yake pako wazi. Hapajazwi na toleo lolote jipya.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie haya ni mambo ya mafundi, waandishi tukae na mafumbo yetu. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia sura za riwaya yangu na maneno yote ya bibi yamepigiwa mstari mwekundu: si sanifu, badilisha. Hapo ndipo riwaya ilipokwama. Nilidhani nna njia mbili tu, nibadilishe au nisusie. Sasa najua: natia faharasa. Faharasa ni faili la kufunga. Inasema, kazi hii imejengwa kwa lugha ya mahali fulani, kwa maneno haya, kwa maana hizi, na yeyote atakayeifungua baada ya miaka hamsini aijenge vile vile. Sanifu ikae chumba chake, ya bibi ikae chake. Anayesoma atajua mlango wa kugonga.

Basi vijana wenzangu, mkiwa mnaandika programu au mnaandika hadithi, nakuombeni jambo moja. Andikeni mnategemea nini. Andikeni toleo, andikeni tarehe, andikeni nani kakwambieni. Wekeni nakala mbili. Mkiondoa kitu, semeni mmekiondoa. Na mwenzio akikwambia kazi yako kwake haiendi, usimjibu ile jawabu. Mwulize: "Kwako inakwama wapi?" Kisha keti umsikilize.

Mwenzangu wa Mji Mkongwe atayasoma haya. Tumeshapatana. Faharasa imerudi.